Mwalimu Aliyetafuta Bluu

Chakula kibaya kuliko vyote nilivyowahi kula nilikila kwenye meza nzuri kuliko zote nilizowahi kuketi. Meza ilikuwa ya mwalimu wa sanaa, katika nyumba ya walimu tuliyogawana vyumba pale Mwisenge, mjini Musoma. Chakula kilikuwa ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada uliogawiwa kwenye duka la ushirika miaka ile ambayo duka halikuwa na kitu kingine cha kugawa. Ugali wenyewe ulikuwa na mabonge mabichi ndani, na mchicha ulikuwa umeungulia chini ya sufuria. Lakini aliutoa ule ugali ukiwa duara kamili, akauweka katikati ya bakuli la bati la samawati lililobanduka ukingoni, mchicha akauweka upande mmoja tu, na upande wa pili akaweka nusu nyanya, sehemu iliyokatwa ikitazama juu.

"Usianze," aliniambia nilipokuwa namaliza kunawa. "Angalia kwanza."

Ilikuwa siku yangu ya pili kazini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiwa na begi moja na njaa ya safari, na nilidhani anataka tusali.

"Mji mzima unalalamikia huu unga kwa sababu ni wa njano," alisema. "Wanasema huko ulikotoka wanalishaga mifugo. Sawa, inawezekana. Lakini mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona chakula cha rangi hii ndani ya bakuli la rangi hii. Umeona?"

Niliona. Ndipo tukasali, tukala, nami nikasukuma mabonge kwa maji.

Niliishi naye nyumba moja miaka sita na nikaendelea kuwa jirani yake miaka mingine mingi, na katika muda wote huo hakujifunza kupika. Hilo lilinishangaza, kwa sababu mikono yake iliweza karibu kila kitu kingine. Alishona, alisuka mikeka, alifinyanga, alichonga mpini wa jembe ukakaa kiganjani kama vile ulipimwa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miguu mikubwa, aliyevaa viatu vya matairi vya wanaume kwa sababu vya kike havikumtosha, na hakujali. Mtoto hakuwa naye. Mume aliwahi kuwa naye, na habari hiyo aliimaliza kwa sentensi moja: "Alikuwa mtu mzuri, ila alipenda vitu vikae pale alipoviacha."

Yeye hakupenda vitu vikae pale alipoviacha. Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua, alikuwa akipanga upya dirisha la sebuleni. Vitu vyenyewe vilikuwa vitatu, havikuzidi: leo kibuyu, kokoto ya ziwani na kijiko cha mti, wiki ijayo chupa tupu ya dawa, hindi moja na kipande cha nyavu. Alivisogeza, akarudi nyuma hatua tano, akakunja uso, akasogeza tena. Aliweza kutumia nusu saa nzima kwa kijiko. Mimi nilikuwa napita na ndoo za maji kichwani, na moyoni nilisema huyu mama ana nafasi ya kuchezea.

Kumbe nafasi hakuwa nayo. Alikuwa na darasa la watoto sabini wasio na madaftari. Mshahara ulikuwa ukichelewa, na tulipanga foleni ya sabuni kama watu wengine, tukarudi mikono mitupu kama watu wengine. Mtu anayesikia habari zake anaweza kudhani alikuwa mpole, mwenye kutabasamu na maua. Hakuwa hivyo. Alikuwa na hasira ya karibu. Chaki alizificha kwenye soksi, na aliwahi kunigombeza mbele ya wanafunzi kwa sababu nilifuta ubao kwa gauni langu. Kanisani alikuwa akikaa pembeni kabisa, hakuimba. Mchungaji alipomuuliza sababu, alijibu kwamba kutoka pale anaona vizuri jinsi mwanga unavyoshuka juu ya vichwa vya wanakwaya. Mchungaji hakumuuliza tena.

Somo lake mwalimu mkuu alilihesabu kuwa la kupumzishia watoto. Yeye alilifundisha kama hesabu. Karatasi zikiwepo, walichora kwenye karatasi. Zisipokuwepo, walichora chini kwa vijiti, au kwa mkaa kwenye vipande vya maboksi. Muhula mmoja aliwaagiza watoto wa darasa la tano wachore sufuria ya nyumbani kwao. Sufuria tu, wiki mbili. Mtoto akileta sufuria ya mviringo safi yenye mikono miwili, alimrudisha: "Hii umeichora kutoka kichwani. Nenda kakae mbele ya sufuria yenyewe."

Wiki ya pili akaja mzazi mmoja, mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa sauti kubwa, na fimbo yake mkononi. Tulikuwa ofisini walimu wote.

"Nani anafundisha sufuria hapa?" aliuliza.

"Mimi," mwalimu wa sanaa alisema.

"Mwanangu nimemleta shule asome. Anakaa jikoni siku nzima anaangalia sufuria. Mama yake anashindwa kupika. Sufuria ni elimu gani?"

Alifungua kabati, akapekua maboksi, akatoa kipande kimoja, akamwekea mezani. Yule mchuuzi alikishika mbali na macho, kisha karibu. Aliweka fimbo yake ukutani.

"Hili bonde," alisema, akigusa ubavu wa sufuria kwa kidole, "alilifanya mama yake. Aliiangusha kwenye mawe siku tunahama kutoka Bunda. Alikuwa mjamzito wa huyuhuyu."

"Mimi sikujua," alisema mwalimu.

"Na huu mkono mmoja niliufunga mimi na waya." Aliendelea kuangalia. "Ameona mpaka waya."

Aliomba aondoke nacho. Mwalimu alimkatalia mpaka asahihishe kwanza, na yule baba, ambaye mnadani alikuwa akiogopwa, alikaa kwenye benchi akasubiri alama za mwanawe. Tulikuja kusikia kwamba kile kipande cha boksi kilitundikwa nyumbani kwake juu ya mlango.

Nikimwuliza anapata wapi raha hiyo ya kuangalia vitu katika kipindi ambacho sote tulikuwa tumekunja nyuso, alikuwa akinijibu kwa mifano ya uzani. Alinipeleka ufukweni kuyaona mawe makubwa yaliyopandana, jiwe kama nyumba juu ya jiwe kama kitanda, na alinieleza kwa ufundi kwa nini halianguki: kubwa upande huu, dogo upande ule, na uwazi katikati. "Uwazi nao una uzito," alisema. "Wewe ukikosa sukari unaona umekosa tu. Mimi naangalia pale sukari ilipokuwa, naona pana nafasi ya kitu gani." Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitaka sukari.

Sasa nieleze nilichomfanyia.

Alikuwa na sanduku la rangi. Aliachiwa na mtawa mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, mwanamke aliyemfundisha zamani. Lilikuwa sanduku la mbao, lenye maandishi ya kigeni kwenye kifuniko, na ndani, aliniambia, mlikuwa na rangi za maji na brashi za manyoya. Alilitunza chini ya kitanda na kulifungua mara chache, kwa kazi alizoziona zinastahili. Mimi sikuwahi kuangalia ndani.

Mwaka ule ukaja msako wa wahujumu uchumi. Aliyekuwepo anakumbuka. Redio ilitangaza, na mgambo wakapita mtaa kwa mtaa wakitafuta bidhaa zilizofichwa. Sabuni ikawa kosa, khanga ikawa kosa, kama huna risiti. Watu walitupa vitu vyao vichakani. Jirani yetu, fundi redio, alichukuliwa kwa sababu ya katoni za betri. Mkewe alikuja kwangu asubuhi mbio. "Wanakuja upande huu mchana," alisema. "Wakikuta kitu cha nje hawaulizi. Mwenzangu, kama una kitu, toa."

Mwalimu wa sanaa alikuwa Bunda kwenye semina ya siku tatu. Na mimi nilikuwa na kitu. Nilikuwa na doti moja ya kitenge iliyovushwa kutoka Kenya, niliyoinunua kwa mama mmoja wa Sirari ili nije niivae siku yangu ya furaha. Nilikaa kitandani na kile kitenge mapajani. Kisha nikapasua mshono wa mto wangu, nikakisokomeza ndani katikati ya pamba, nikashona. Baada ya hapo nikaingia chumbani kwa mwenzangu, nikavuta lile sanduku, nikaona yale maandishi ya kigeni, na hofu ikanirudia. Nililiweka kwenye karai, nikalifunika na nguo chafu, nikaenda nalo ziwani mchana kweupe kama mtu aendaye kufua. Nilipopata mahali penye mawe, nililisukuma majini. Lilielea kidogo, nikalikandamiza kwa mguu mpaka likaingia maji na kuzama.

Mgambo walikuja saa tisa. Walikuwa wawili, wamechoka. Waliomba maji ya kunywa, wakasimama mlangoni, wakaangalia dirisha lenye vitu vitatu, mmoja akauliza, "Hapa ni kwa walimu?" Nikasema ndiyo. Wakarudisha kikombe, wakaenda.

Aliporudi nilimweleza kabla hajatua mzigo. Nilimweleza habari za sanduku. Za mto sikumweleza. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni na viatu vyake vya matairi vimejaa vumbi la Bunda.

"Ulilifungua kwanza?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Niliogopa."

"Ungelifungua," alisema. "Ungeiona ile bluu."

Alinitaka nimwonyeshe mahali, tukaenda. Alisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Kwa wiki kadhaa hakupanga dirisha. Vile vitu vitatu vya Jumamosi ya mwisho vilikaa palepale vikapata vumbi, na mimi niliyekuwa nikimwona mama wa kuchezea nafasi, nilianza kuamka kila Jumamosi nikitega sikio kama nitasikia kijiko kikisogezwa.

Likizo ilipofika alichukua makopo matupu saba akapanda gari. Alikaa siku nne. Alirudi na udongo: mwekundu wa kichuguu kutoka njia ya Butiama, mweupe kutoka upande wa Bunda, wa njano uliochotwa kwenye kingo za mto, wa kahawia wa aina mbili ambazo mimi niliona ni moja. Nyeusi alikwangua kwenye masizi ya sufuria zake mwenyewe, ambazo zilikuwa nayo kwa wingi. Alitwanga, akachekecha kwa kitambaa, akachanganya na gundi ya mgunga, na muhula ulipoanza aliingia darasani na rangi sita. Watoto walipaka kwa vidole, kwa manyoya ya kuku, kwa vijiti vilivyotafunwa ncha.

Bluu peke yake ndiyo haikupatikana. Alijaribu maua, yakapauka siku ya pili. Alimwomba mwalimu mkuu wino wa ofisini, akanyimwa kwa barua. "Ardhi yetu haina bluu," alinieleza, akiwa amekaa chini na viganja vyekundu. "Yote imekwenda juu na ziwani." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba. Na kazi za miaka ile ndizo bora alizowahi kufanya. Ziwa alilichora jeupe, na watu wa Musoma walilitambua.

Nilipoolewa nilihamia nyumba ya tatu kutoka pale. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Tulipompata mtoto wetu wa kwanza, Neema, nilipasua mto, nikatoa kile kitenge, nikashonewa gauni la ubatizo. Mwalimu alikuja kanisani, akakaa pembeni pake. Baada ya ibada alinishika bega, akaugeuza mkono wa gauni langu kwenye jua auone vizuri mchoro wa kitambaa.

"Kimeshonwa vizuri, Mama Neema," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Kabla ya hapo nilikuwa "binti". "Hakikupata mikunjo humo mtoni?"

Nilidhani ametaja mto wa maji. Kisha nikaelewa.

"Ulijua?"

"Mto wako ulinenepa wiki ile. Mimi naangaliaga vitu, wewe si unajua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekivaa kwa aibu au usingekivaa kabisa. Tungepoteza viwili." Alimchukua mtoto mikononi mwangu. "Lakini usidhani sikukasirika. Nilikasirika miezi minne. Ule udongo niliutwanga kwa hasira, ndiyo maana ulilainika."

Nililia pale nje ya kanisa na gauni langu zuri, na watu wakadhani ni furaha ya ubatizo. Ilikuwemo pia.

Mama yangu mzazi alipofariki kule Bukima, mwalimu wa sanaa alikuja msibani siku ya pili, akitembea kutoka barabara kuu. Hakuwa na maneno ya faraja. Alinisalimu, akawapa pole wazee, akaingia jikoni kwa marehemu. Sisi dada watatu tulikuwa tumekaa ndani kwenye mkeka, hatusemi, kila mmoja na ukuta wake; kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu kati yetu ambao hakuna haja ya kuueleza. Baada ya saa moja, shangazi akaja kulalamika: "Yule mwenzio wa mjini anafanya nini na vyombo vya marehemu?"

Tulitoka. Alikuwa ameosha kila kitu na kukipanga uani juu ya magunia, kwenye jua: vyungu kwa ukubwa, vibuyu, kata, mwiko ulioliwa upande mmoja, kinu, ungo wa dagaa uliotobolewa na panya. Alikuwa amevipa nafasi, kila kimoja na kivuli chake. Tulisimama tukaangalia. Dada yangu mkubwa alisema, "Huu mwiko ndio alionipigia mimi." Wa pili akasema, "Wewe? Mimi ndiye." Nikasema upande ulioliwa ni wa mgongo wangu. Tukaanza kucheka, kucheka kule kukageuka kilio, na tulilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Mwalimu alikuwa ameenda ziwani kunawa mikono.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yalijaa kana kwamba bidhaa zilikuwa zimesimama nje ya mlango zikisubiri kufunguliwa. Redio, mafuta ya kupaka, mitumba, masufuria ya kung'aa, plastiki za kila rangi. Watu walinunua walichoweza na kutamani kilichobaki. Siku bidhaa zilipofika duka la Mwarabu karibu na soko, nilikuwepo mwalimu alipoingia. Alipita redio, akapita vitambaa, akasimama mbele ya kiboksi cha vipakiti vya bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Nipe vyote," alisema.

Mwenye duka alimtazama gauni lake la kahawia. "Mwalimu, una mashati meupe mangapi?"

"Sina hata moja."

Alirudi nyumbani akitembea haraka kama msichana. Kwa mwezi mzima alichora ukuta wa nyuma wa darasa lake: ziwa kama linavyoonekana kutoka kwenye mawe, na maji yakiwa ya bluu iliyokolea mpaka ukipita nje unahisi ubaridi. Upande wa kulia, karibu theluthi ya ukuta, aliacha mtupu. Mwalimu mkuu alikuja kukagua.

"Rangi imeisha?"

"Ipo tele."

"Sasa mbona pale pako wazi?"

"Pale macho yanapumzika, mkuu. Yakishapumzika yanarudi majini."

Kiwanda cha nguo kiliposimama na mume wangu akarudishwa nyumbani, niliacha kufundisha nikafungua kiduka cha vyombo vya plastiki palepale Mwisenge. Niliona haya atakaponiona, kwa kuwa nilikuwa na hakika anadharau plastiki. Alikuja siku ya pili. Alianza kushusha mabeseni. Aliyapanga upya tangu asubuhi hadi saa kumi, mekundu na ya rangi ya machungwa nje penye jua, ya kijani kivulini, na ndoo nyeupe akaiweka moja tu, peke yake, mlangoni. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Biashara yangu ilikaa miaka kumi na saba kwa mpango ule. Wenzangu walidhani nina dawa.

Na alipoondoka alinunua ua la plastiki, jekundu, baya, lenye majani ya kijani kibichi mno. Nilimwambia Mwalimu, hilo acha, nitakutafutia kitu kingine.

"Kwani lina kosa gani?"

"Ni la uongo."

"Halijui," alisema, akaenda nalo. Lilikaa dirishani kwake kati ya kibuyu na jiwe, na nasema kweli, pale lilipendeza.

Alipostaafu alihamia Butiama kwa mdogo wake wa kiume, mfugaji, nyumba iliyo njia ya mnadani. Tuliandikiana, kisha barua zake zikakatika. Nikaja kusikia kwamba alikuwa amepooza upande wa kulia. Nilifunga duka siku hiyohiyo ya habari, na kesho yake saa nne asubuhi nikashuka Butiama.

Wifi yake alinipokea uani. "Yupo," alisema. "Anaongeaga polepole siku hizi, lakini akili zake zote zipo. Na ukali."

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, amekonda, mkono wa kulia umelazwa juu ya paja kama kitu alichowekewa na mtu. Nilimwamkia. Alinitazama kutoka viatuni hadi kilemba.

"Umenenepa," alisema. "Imekukaa."

Tuliongea habari za mjini, za Neema aliyekuwa ameingia sekondari, za mvua. Maneno yake yalitoka moja moja, na kila moja alilisubiri kwa subira. Kisha akaonyesha kwa kidevu kalenda ya zamani ukutani. Nikaishusha. Nyuma ya karatasi palikuwa peupe. Chini ya kiti kulikuwa na kipande cha mkaa.

"Nichoree huu mkono," alisema.

"Mkono gani?"

"Huu uliolala. Tangu ulale sijaweza kuuchora, maana ndio uliokuwa unachora. Wa kushoto nimejaribu. Una haraka kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Mwalimu, mimi sijui kuchora."

"Najua hujui. Kaa huku, mwanga unatoka kule."

Nilikaa kwenye kigoda, kalenda magotini. Wa kwanza ulitoka kama kichane cha ndizi. Aliuangalia akacheka, cheko lililovuta mdomo upande mmoja. "Huu ni wa mtu mwingine. Rudia." Wa pili haukuwa bora. Niligeuza karatasi ya mwezi mwingine. Wifi yake alileta chai, ikapoa. Ng'ombe walipita kwenda mnadani, vumbi likatua juu yetu na juu ya mkaa, na hakuna aliyeinuka.

Mahali fulani katika wa nne niliacha kuogopa. Nilianza kuona kwamba kidole gumba kilikuwa kimejificha chini ya vingine, kwamba ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa na ufa, kwamba kulikuwa na kovu la panga nisilowahi kuliuliza, na kwamba mkono wote ulikuwa umeelemea paja kwa uzito wake halisi, bila kusaidiwa. Miaka yote ile niliula ugali wa mkono huu. Nikauchora ulivyokaa.

Nilimwonyesha. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akauweka kando ya wenyewe, akawa anaangalia huu, anaangalia ule.

"Umechoka, huu," alisema hatimaye. "Lakini haukulalamika. Umeuweka vizuri." Akanirudishia karatasi. "Andika jina chini."

Nikaandika Mama Neema.

"Hapana. Hilo ni la mtoto. La aliyechora."

Ilinibidi nifikiri. Jina langu, nililobatizwa nalo Bukima, halikuwa limeitwa na mtu tangu mama yangu azikwe. Dukani nilikuwa Mama Neema, kanisani Mama Neema, kwa mume wangu pia. Nililiandika kwa mkaa, herufi kubwa, likapinda kidogo mwishoni.

Aliipokea karatasi, akaisogeza mpaka macho yalipoipata. Akalisoma jina langu kwa sauti, polepole, silabi moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwita mwenzake aliye umbali kidogo.

"Abee," nikaitika.